Chumvi Chini ya Tanuri

Mlioanza nami tangu mto ulipoingia dukani mnakumbuka tulipoachana: tanuri letu la mikate limesimama peke yake katikati ya matope ya Bwera, na mume wangu Zedekia analibusu mbele za watu. Nyumba imekwenda, meza ya kuuzia imekwenda, mapipa ya unga yameonekana yakielea kushuka ziwani, ila tanuri limebaki. Tukamshukuru Mungu kwa wimbo. Leo nawaambia kwamba tuliimba mapema mno.

Na wewe unayenisoma kwa mara ya kwanza, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Mimi ni Ithungu, mke wa Zedekia mwokaji. Duka letu lilikuwa karibu na mto Lhubiriha, na watu wa pande zote mbili za mpaka wetu na Kongo walikula mkate wetu. Mwaka wa sabini na tano mto ukaja kututembelea bila kubisha hodi. Maji yalipotoka, wakubwa wa mji wakatoa neno: kiwanja ambacho biashara yake haitafunguliwa kufikia siku ya soko ya mwanzo wa mwezi, kitachukuliwa apewe mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine tulimjua. Alikuwa tajiri mmoja wa Kasese mwenye malori, na alikwisha kuja kukipima kiwanja chetu kwa miguu yake huku sisi tukizoa matope. Hata pole hakutupa.

Basi tukawasha tanuri. Unga wa ngano alitupatia mkwe wetu wa Kinyamaseke, aliyemwoa binti yetu Masika. Chachu nilitengeneza mwenyewe kwa machicha ya pombe ya ndizi, kama nilivyofanya miaka yote. Tukapasha moto tangu alfajiri, tukafagia makaa, tukaingiza mikate.

Mikate ikatoka imeungua juu, na chini ni unga mbichi, unanata mkononi kama ugali wa bibi arusi.

"Chachu yako imekufa," Zedekia akaniambia.

"Chachu yangu imeumua unga hadi ukamwagika kwenye beseni. Tanuri lako ndilo limekufa."

"Tanuri limesimama, Mama Masika. Huoni?"

"Hata maiti ukiiegemeza ukutani itasimama."

Alinuna siku nzima. Zedekia akinuna hupanga vitu. Alipanga bati za kuokea, akazipangua, akazipanga tena. Mimi nilikaa juu ya tofali nikiitazama ile mikate kwa hasira. Mtu amenyang'anywa nyumba na mto, akaachiwa kitu kimoja tu cha kumfariji, halafu hicho nacho kinamcheka.

Nikaenda mwenyewe kumwita Fundi Maate. Huyu ni mzee wa Kasindi, ng'ambo ya daraja, upande wa Kongo, ndiye aliyelijenga tanuri lile mwaka tuliooana. Alikuja na nyundo yake begani, akaingiza mkono ndani, akagonga sakafu ya tanuri kwa vidole, akasikiliza. Akagonga tena.

"Mama," akasema, "miye nilitia chumvi gunia tatu chini ya haya matofali. Leo iko wapi? Maji ilikunywa yote. Hapa chini iko tupu."

Wewe unayekula mkate na chai yako hujui mkate ule umelalia nini. Chini ya sakafu ya tanuri la kuni hutandikwa mchanga, vioo vilivyosagwa na chumvi ya mawe. Vitu hivyo ndivyo vinavyoshika joto baada ya makaa kufagiliwa, ili mkate uive chini kama unavyoiva juu. Mto haukulisukuma tanuri letu hata kidogo. Uliingia kwa chini taratibu, ukaramba chumvi yote, ukaenda zake. Sisi huku juu tunaimba.

"Tutie mchanga na vioo tu," nikamwambia fundi. "Chumvi haipatikani."

"Mchanga bila chumvi? Mama, mutu anaweza kupika sombe ya majani ya muhogo bila mafuta, lakini beko, wakwe yake, watamucheka. Miye nilifundishwa kazi na Mubelgi ku Beni. Tunatia chumvi."

Zedekia akaunga mkono. Akisikia Mbelgiji ametajwa huwa hana tena swali.

Sasa nieleze chumvi ilivyokuwa mwaka ule. Ilikuwa imeadimika mpaka watu walichoma maganda ya ndizi, wakachuja majivu yake, wakayatia kwenye maharage. Kumiliki gunia moja kulivumiliwa. Zaidi ya hapo ulitakiwa kuwa na kibali, na kibali kilitaka ujuane na mtu. Sisi hatukujuana na mtu ila Fundi Maate na mto.

"Shangazi yako yuko Katwe," Zedekia akanikumbusha.

"Na wewe una miguu."

"Mimi mgongo wangu, Mama Masika."

Mgongo wa Zedekia huuma pakitajwa safari. Nikaenda.

Shangazi yangu nilimkuta ndani ya ziwa la chumvi, maji yamemfika mapajani, akivuta vipande kwa mikono. Nilimpa vitenge vyangu viwili vya Kongo, vile pekee ambavyo mafuriko hayakuvigusa kwa sababu siku ile nilikuwa nimevivaa. Alivigeuza akavitazama, kisha akanitazama mimi.

"Gunia tatu za kula?"

"Za kuzika chini ya tanuri, shangazi."

"Mwanangu, watu wanapigana kwa kijiko, wewe unazika magunia. Usimwambie mtu mwingine maneno haya."

Hapo ndipo niliposhauriwa vibaya na mtu aliyenipenda. Maana kama ningelitangaza sokoni, nikasimama juu ya meza nikasema jamani, tunatia chumvi chini ya moto, njooni mwone, habari ingekuwa kichekesho cha wiki moja tu. Lakini nilifunga mdomo, na mdomo uliofungwa watu huufungulia wenyewe.

Nilirudi juu ya lori la samaki. Karibu na Kinyamaseke kulikuwa na kizuizi cha askari, na aliyepanda kukagua alikuwa Lokwang. Lokwang ni mtu wa Karamoja, mrefu, askari wa kambini, na kabla ya mafuriko hakukosa mkate wetu asubuhi hata moja.

"Mama Mkate. Wewe nabeba nini?"

"Chumvi, afande."

"Gunia ngapi?"

"Tatu."

"Tatu ni ya duka. Kibali iko wapi?"

"Si ya duka. Ni ya kuweka chini ya tanuri, chini ya moto."

Alinikodolea macho kama mtu anayejiuliza mafuriko yamenichukulia nini kingine. "Nani nakula chumvi chini ya moto?"

"Hailiwi. Inashika joto."

Alicheka mpaka akashika ubao wa lori, na askari wenzake wawili waliokuwa chini wakageuka kutazama. Halafu akainama karibu. "Mke yangu Alisi nalia mkate toka maji kuja. Wewe nafungua lini?"

"Siku ya soko."

"Basi mimi sijaona chumvi. Mimi naona mama na samaki." Akapiga ubavu wa lori kwa kiganja, tukapita. Nilimwombea baraka njia nzima, yeye na Alisi wake na watoto watakaowazaa.

Magunia tuliyaingiza kwenye kibanda cha mabati tulichokuwa tunalala, tukayafunika mkeka. Sijapumua bado, nasikia hodi. Alikuwa Naome, jirani yetu, ambaye mto ulimchukulia nyumba nzima na alikuwa akilala kanisani na watoto wake. Ameshika kata mkononi, akanisalimu kwa lugha yetu.

"Wasibire, Mama Masika. Naomba chumvi ya kuonja tu. Watoto wamekataa maharage."

Mkono wangu ulikwisha kuanza kwenda kwenye mkeka, naapa. Zedekia akanitangulia kutoka ndani.

"Hatuna, Naome. Sisi wenyewe tunakula hivyo hivyo."

Naome hakumtazama Zedekia. Alitazama bega langu, ambako vumbi jeupe la magunia lilikuwa halijafutika. Akasema, "Wasingya," kama vile amepewa, akaondoka na kata yake tupu. Asante ile iliniuma kuliko angenitukana.

"Kiganja kimoja kingekupunguzia nini?" nikamuuliza mume wangu.

"Ukimpa mmoja, kesho kanisa zima liko mlangoni."

"Wangekuja kama watu wanaoomba. Sasa watakuja wakiwa nani?"

Akaanza kupanga bati.

Fundi Maate alikuja na mikeka, akazungushia tanuri pande zote, na Zedekia akaniletea amri mpya.

"Fundi anasema sakafu ikitandikwa, mwanamke asikaribie. Jicho la mwanamke hupasua matofali."

"Mlipolijenga mara ya kwanza nilisimama hapo hapo nikiwapa maji ya kunywa."

"Ndiyo maana mto ukaja."

Nilichukua panga na kamba, nikapanda mlimani kutafuta kuni, nikimtukana Zedekia kwa kila tawi nililolikata. Niliporudi mzigo umenivunja shingo, mikeka ilikuwa imekunjwa, sakafu imetandikwa matofali mapya, imepigwa udongo wa kichuguu, inang'aa. Fundi Maate amekwisha kuvuka daraja.

"Ameondoka bila kula?" Nilikuwa nimechinja jogoo wa mwisho.

"Alikuwa na haraka," Zedekia akasema, akala firigisi.

Siku ya soko ikafika. Niwe mkweli, ilikuwa asubuhi nzuri. Mikate ilitoka imevimba, chini imekauka, ukigonga inaitikia. Harufu ilipanda hadi barabarani na watu wakaanza kukusanyika kabla hatujaweka hata ubao wa kuuzia. Wanawake waliopoteza kila kitu walikuwa wananusa tu na kutabasamu. Zedekia alivaa kofia yake nyeupe. Nilimsamehe kuhusu jicho la mwanamke.

Bwana wa viwanja, aliyetumwa na wakubwa wa mji, alikuja mapema, amebana kalamu sikioni. Akaumega mkate, akautafuna polepole, akaumega tena.

"Biashara naiona," akasema. "Nazunguka soko, nikirudi naweka sahihi. Tajiri wenu wa Kasese atafute kiwanja kingine."

Nilitaka kupiga vigelegele. Namshukuru Mungu sikupiga, maana aibu ingekuwa mara mbili.

Landrova ya kijeshi iliingia sokoni ikiwatawanya watu kama kuku. Akashuka Sajini Ojok, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, na nyuma yake askari watatu. Mmoja wao alikuwa Lokwang. Hakunisalimu.

"Nani mwenye hapa?"

"Mimi, afande," Zedekia akajibu.

"Iko chumvi hapa. Gunia gunia. Nyinyi nazika chumvi, watu nakula majivu. Iko wapi?"

Niliangaza macho kwenye umati, nikamwona Naome. Alikuwa anatazama viatu vya watu. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Aliona magunia yakiingia nyuma ya mikeka, hakuyaona yakitoka, na watoto wake walikuwa wamelala na maharage yasiyo na ladha. Mimi ningesema pia.

"Afande," Zedekia akasema, "ipo chini ya moto. Ni kazi ya tanuri. Inashika joto."

"Wewe nafanya mimi mjinga?"

"Ni kweli, afande," nikadakia. "Ndivyo matanuri yanavyojengwa. Ikikaa chini ya moto huganda, huwa jiwe. Haifai tena kuliwa."

Sajini Ojok aliutazama mkate mezani. Akachukua mmoja, akaupasua katikati, akanusa, akala. Alikula nusu nzima huku sote tumesimama. Nikaona Lokwang naye anautazama ule mkate, nikapata tumaini, maana mtu anayekula chakula chako huwa na haya kidogo.

"Mkate nzuri," Sajini akasema. "Sasa vunja."

"Nivunje nini, afande?"

"Hiyo tanuri. Chini. Mimi naona chumvi. Kama ni jiwe, mimi nakwenda. Kama ni ya kula, wewe nakwenda na mimi."

Mnaona jambo hilo lilivyokaa? Ili niseme kweli, nibomoe kile ninachokitetea. Nikisitasita, nimekuwa mwongo. Niliwahi kusikia mashauri ya kila namna barazani, lakini shauri ambalo ushahidi wake ni kuvunja nyumba ya mshtakiwa sikuwahi kulisikia.

Na hapo Zedekia akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alivua kofia yake nyeupe, akaiweka mezani, akanyoosha mikono yake miwili mbele ya askari.

"Nichukue mimi, afande," akasema. "Tanuri liache. Kama ni kosa, nichukue mimi."

Umati ukaguna. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Nami, mwanamke niliyeishi na mtu huyu na mgongo wake na kununa kwake, nilimtazama kama namwona mara ya kwanza. Nilijiambia: kumbe ndiye huyu. Miaka yote nilikuwa nikimtafuta na alikuwa humu humu ndani. Yuko tayari kwenda kambini kwa ajili ya jasho letu, ili mimi nibaki na tanuri nipate kula.

Askari wakamshika mikono. Wakamsogeza kwenye Landrova, na yeye akaenda kwa utulivu, tena haraka haraka.

Lakini tanuri hujengwa. Mume hajengwi. Watu waliopandishwa magari yale siku zile, wengine walirudi hawatembei sawa na wengine wake zao wanawangoja hadi sasa. Nikaiona nyundo ya Fundi Maate pembeni ya kuni. Kwa haraka yake aliisahau. Nikaiokota.

"Mngoje," nikasema. "Navunja mimi."

"Mama Masika, acha," Zedekia akaita kutoka garini. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Acha, nakwambia. Mwache afande anichukue."

Nilidhani ni upendo wa tanuri. Nikajiingiza kwenye mdomo wa tanuri hadi kiunoni, joto likanipiga uso, nikapiga tofali la katikati. Halikuvunjika. Nikapiga tena. Kila pigo niliona kama najipiga mwenyewe, lakini nilipiga, na Zedekia kule nyuma alikuwa akiita jina langu, la kwangu mwenyewe, Ithungu, Ithungu, ambalo hakuwa amelitumia tangu siku za uchumba.

Tofali likakatika. Nikaling'oa kwa koleo, nikang'oa na la pili, nikaingiza koleo chini, nikachota.

Mchanga.

Nikachota tena, kwa ndani zaidi. Mchanga mkavu na vioo vilivyosagwa, safi, vimetandikwa kwa ufundi. Nikavunja upande wa kushoto. Mchanga na vioo. Nikavunja upande wa nyuma, nimeungua vidole na sijali, na ule mchanga ukamwagika miguuni pa Sajini Ojok. Hapakuwa na chumvi hata ya kutia kwenye yai.

Mkate ule mzuri, ulioliwa na bwana wa viwanja na Sajini, uliokwa na mchanga na vioo peke yake. Nilivyosema mimi siku ya kwanza.

Nilitoka mle ndani nimejaa masizi, nikamtazama mume wangu. Hakuwa anatazama tanuri. Mtu aliyevunjiwa tanuri lake angelitazama. Alikuwa anatazama chini, kama mwanafunzi aliyekwisha kujua alama zake kabla mwalimu hajasoma. Ndipo nikakumbuka yule fundi aliyeondoka bila kula jogoo, na mikeka ile, na jicho langu linalopasua matofali. Nikaelewa kwamba chumvi yetu ilivuka daraja na fundi, na kwa nini mume wangu alikuwa anaenda kwenye Landrova haraka haraka. Kuficha chumvi, unapigwa, unalala ndani, unarudi. Kuivusha mpaka lilikuwa neno jingine siku zile, magendo, la kupigwa risasi, na watu walilitamka wakigeuka nyuma kwanza.

Sajini Ojok aliusukuma mchanga kwa ncha ya buti, na askari mmoja akatoka kukagua kibanda chetu mikono mitupu.

"Hapana chumvi," akasema.

Jamani, kwa muda mfupi niliuona mlango. Hapana chumvi, hapana kosa. Umati wote umeshuhudia. Nikaingia kwenye mlango huo kwa miguu miwili.

"Hapana, afande. Haikuwepo tangu mwanzo. Mume wangu aliogopa bunduki akasema asichokijua. Ni maneno ya watu tu."

Sajini akatikisa kichwa polepole, kama anayekubali. Bwana wa viwanja alikuwa amerudi, amesimama nyuma ya watu, kalamu mkononi. Nikaanza kuhesabu matofali yaliyopona. Yangeweza kurudishiwa kabla ya jua kuzama.

"Lokwang," Sajini akaita bila kugeuka. "Wewe ulikuwa kizuizi ya Kinyamaseke. Huyu mama alipita?"

Lokwang akakaza mwili. "Alipita, afande."

"Na nini?"

Nilimtazama Lokwang usoni. Kila kitu nilichokuwa nacho nilikiweka kwenye macho yangu. Mama na samaki. Sema mama na samaki. Na niliona kwamba alitaka kulisema, mdomo ulifunguka, kisha ukafungika. Askari wawili waliokuwa naye siku ile ya kizuizi walikuwa hapo hapo kando yake, nao wanamtazama.

"Chumvi, afande," akasema. "Gunia tatu. Alisema ni ya tanuri."

Sajini Ojok alinigeukia, na sauti yake ilikuwa imezidi kushuka.

"Gunia tatu naingia Bwera. Kwa nyumba hapana. Kwa tanuri hapana. Basi imevuka. Nani alivusha, mama?"

"Afande, mimi niliileta mpaka hapa. Nikaenda kutafuta kuni. Niliporudi..."

Nikasita, maana sentensi iliyobaki ilikuwa na jina la mtu ndani yake, na mtu huyo alikuwa baba wa watoto wangu. Sikutaka kulitaja mimi. Nilitaka alitaje mwenyewe. Dakika chache tu zilizopita alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, umati ukamlilia.

"Baba Masika," nikamwambia. "Sema."

Walimshusha garini ili aseme. Zedekia akaja hadi kwenye meza ya mikate, akaichukua kofia yake nyeupe, akaivaa, akaiweka sawa. Akajipangusa unga kwenye vidole kimoja kimoja.

"Mimi kazi yangu ni mkate, afande," akasema. "Mambo ya chumvi alikuwa nayo mke wangu."

Lokwang akaja akanishika mkono, na hakunivuta kwa nguvu. Akanifungulia mlango wa nyuma wa Landrova.